Barua ya kufunga muhula: watoto wetu, wenzao wa Würzburg na simu za likizo

Mwanza, Desemba

Kwa wazazi na walezi wote

YAH: KUFUNGA SHULE NA USALAMA WA WATOTO MTANDAONI

Ndugu mzazi/mlezi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunamshukuru Mungu tumefika mwisho wa mwaka salama. Kidato cha Pili na cha Nne wamemaliza mitihani yao ya taifa bila dosari, na ripoti za madarasa mengine zimo ndani ya bahasha hii. Hisabati ya Kidato cha Kwanza hairidhishi. Mwalimu wa somo ameandika maoni yake kwenye ripoti ya kila mtoto, kwa hiyo sitayarudia hapa. Barua hii nimeikusudia jambo jingine.

Mnafahamu kwamba muhula huu tulipokea wanafunzi na walimu wa shule rafiki ya Würzburg, Ujerumani. Mwanza na Würzburg ni miji dada tangu 1966, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mada tuliyokubaliana nao ilikuwa usalama wa vijana mtandaoni, na katika kikao cha wazazi mmoja wenu aliuliza kwa nini tusijifunze kwao fizikia, maana Röntgen aligundua miale ya eksirei katika mji huohuo mwaka 1895. Swali zuri, na siku moja tutafika huko. Ila wageni hawa hawakuja kufundisha. Walikuja kukaa meza moja na watoto wetu, kila upande useme yanayoupata.

Kipindi cha kwanza waliombwa wataje utapeli wa simu unaojulikana nyumbani kwao. Wetu hawakuhitaji kufikiri: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Darasa likaangua kicheko, maana sijui kama kuna nyumba ambayo haijapokea ujumbe huo. Kisha msichana mmoja mgeni akasoma ujumbe ambao mama yake alitumiwa: "Mama, simu yangu imeharibika, hii ndiyo namba yangu mpya." Baada ya maneno mawili matatu likafuata ombi la kulipiwa bili ya haraka. Kwao ni utapeli wa kila siku, na una mzizi wa zamani: kabla ya WhatsApp, matapeli waliwapigia wazee simu za mezani wakijifanya wajukuu waliopatwa na shida.

Wakaziandika meseji hizo mbili ubaoni, wakaanza kuzichambua mstari kwa mstari. Zote zinajifanya mazungumzo yaliyokwisha kuanza. Zote zina haraka. Ya kwetu haijali hata anayetumiwa ni nani. Inategemea kwamba katika watu elfu hakosekani mmoja ambaye kweli alikuwa anasubiri atajiwe namba ya kutuma kodi ya nyumba. Ya kule inategemea moyo wa mama. Niseme kweli, uchambuzi wao ulikuwa mzuri kuliko insha nyingi ninazozisahihisha.

Na hapa nasimama kidogo kwa ajili yenu wazazi, kwa sababu kuna ya tatu, ile ya "mwanao ameanguka shuleni, yuko hospitali, tuma hela ya dawa." Shule haitakuomba pesa kwenye namba ya mtu binafsi hata siku moja. Mtoto akiugua, matroni au patroni atakupigia kwa namba iliyo kwenye fomu ya kujiunga, na matibabu huanza bila kusubiri hela yako. Tapeli analipata wapi jina la mwanao, kidato na mkondo? Kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, ambako mtu yeyote huongezwa na mtu yeyote. Ndiyo maana orodha za majina na matokeo hatuzibandiki tena kule. Najua mlionung'unika, na msimamo ni uleule.

Siku iliyonifurahisha zaidi ni ile tuliyoshuka ziwani. Tulipofika mbele ya Jiwe la Bismarck simu za wageni zikatoka mifukoni. Mwalimu wao akawazuia kwanza, akawageukia watoto wetu: Bismarck ni nani? Wakamjibu kwa pamoja kama wako darasani: mwenyekiti wa Mkutano wa Berlin, 1884 hadi 1885. Akawaambia kwamba mtu huyohuyo ndiye sababu ya wao kuombwa ruhusa kabla ya kupigwa picha.

Bismarck alifariki Julai 1898 nyumbani kwake Friedrichsruh, karibu na Hamburg. Usiku wa kifo chake wapiga picha wawili walipenya dirishani, wakaipiga picha maiti ikiwa kitandani, wakaanza kutafuta mnunuzi. Familia ikaenda mahakamani. Majaji waliuona ubaya wa kitendo kile, ila hawakuwa na sheria inayosema mtu ana haki juu ya sura yake mwenyewe; ikabidi waegemee kosa la kuingia nyumba ya watu bila idhini. Mjadala ule ukachangia kuzaliwa kwa sheria ya 1907, ambayo Wajerumani wanaitumia hadi leo: picha ya mtu haisambazwi bila ridhaa yake, na akifa, ridhaa inakuwa mikononi mwa ndugu zake wa karibu kwa miaka 10.

Kijana wetu mmoja alisikiliza, kisha akasema kwamba mjomba wake alipofariki kwenye ajali ya basi, picha ilifika kwenye simu ya mama yake kupitia kundi la kikoba kabla hospitali haijapiga simu. Aliyeituma hakujua marehemu ni nani. Aliandika tu "poleni wasafiri" na vikaragosi vya machozi. Mazungumzo yaliyofuata pale ufukweni yalikuwa marefu, na hayakuwemo kwenye ratiba. Nawe mzazi uliye kwenye makundi kumi, nakuuliza: ya mwisho uliyotumiwa, uliifanyaje?

Zoezi jingine lilikuwa la picha ya kawaida kabisa. Mwalimu wetu wa kompyuta alitoa picha yake akiwa kituoni asubuhi, anatabasamu, kikombe cha chai mkononi. Wanafunzi wakaambiwa waseme wanachokiona. Nyuma yake daladala yenye kibao cha Buhongwa. Pembeni duka la dawa lenye jina. Kivuli kirefu, basi ni mapema. Shingoni kitambulisho cha kazi. Kabla kipindi hakijaisha walikuwa wamejua anapopandia gari, saa ngapi, na anapofanya kazi. Akacheka, lakini picha ile ameiondoa.

Sasa tazameni stetasi zetu siku ya kufungua shule. Mtoto amevaa sare yenye nembo, ameshika tiketi ya basi, chini yake "safari njema mwanangu." Ukiivuta tiketi unasoma jina, namba ya kiti, saa ya kuondoka na namba ya simu ya mzazi. Hatuwakatazi kuwafurahia watoto wenu. Ipigeni picha bila tiketi, na muirushe akishafika.

Siku ya mwisho tuliweka kisanduku. Wote, wenyeji na wageni, waliandika kwa Kiingereza bila majina: ukipata tatizo mtandaoni, kwa nini humwambii mtu mzima? Karatasi zikachanganywa na kusomwa. "Watachukua simu yangu." "Nitachapwa." "Baba atasema nilijitakia." "Mama atawasimulia mashangazi wote." Hiyo ya mwisho ilichekesha pande zote mbili, na hakuna aliyeweza kusema imetoka Nyegezi au imetoka Bavaria.

Wazazi wenzangu, nadhani mambo yote ya teknolojia yako chini ya hili. Mtoto anayetishwa kwamba picha yake itasambazwa asipotuma pesa anapima mambo mawili: yule wa kwenye simu na wewe wa sebuleni. Kama wewe ndiye unayetisha zaidi, atalipa. Ataiba, atakopa kwa rafiki, atatuma na picha nyingine. Mtishaji anajua hivyo. Anawategemea wazazi wakali kuliko anavyoitegemea ile picha. Sheria ya shule ya kutoleta simu iko palepale na sitailegeza, kwa sababu inatusaidia kusoma. Lakini marufuku haimfundishi mtoto kuitumia simu, na likizoni simu mnazo ninyi.

Tuliona matunda mapema kuliko nilivyotarajia. Wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula, akaunti yenye jina na picha ya mmoja wa wageni ilimwandikia kijana wa Kidato cha Tatu. Mwanzoni salamu tupu. Halafu ikamtaka wahamie programu nyingine ya kuchati, na huko ikamtumia picha isiyo na staha, ikidai naye atume yake. Kijana akaiuliza: siku ile ulipokula kwetu, kilikupata nini mezani? Mgeni halisi alikwamwa na mwiba wa sato mbele ya ukoo mzima, bibi akamlazimisha ameze tonge kubwa la ugali bila kutafuna. Akaunti ikajibu kwamba pilipili ilikuwa kali.

Kijana akahifadhi picha za skrini, akaizuia ile akaunti, akampelekea mama yake simu. Mama hakufoka. Alinipigia jioni hiyohiyo. Tukawajulisha wenzetu wa Würzburg, mwenye picha akaarifiwa na wazazi wake, akaunti ikaripotiwa hadi ikafungwa. Familia imeniruhusu kuwasimulia, na mama ameomba niongeze kwamba mwanawe bado ana simu yake.

Ikitokea kwako likizo hii, usilipe, maana anayelipwa hurudi. Usifute meseji kwa hasira. Huo ndio ushahidi. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga 116, simu ya kusaidia watoto, ambayo ni bure hata kwa mtoto mwenyewe. (Wenzao wa Ujerumani wanapiga 116 111, kwa hiyo namba hizo mbili watoto walizishika kwa pamoja bila shida.) Kama ni picha ya aibu ya mtoto wa chini ya miaka 18, kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down ya NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Picha yenyewe haitoki kwenye simu yako. Hutengenezwa alama yake ya kidijitali tu, na mitandao iliyojiunga huitumia kuitambua na kuiondoa. Namba za matapeli wa "tuma kwenye namba hii" zitumeni 15040. Na tafadhali, picha ya mtoto wa mwenzio usiisambaze "ili wengine wajifunze." Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina msamaha kwa mwenye nia njema.

Kuhusu safari ya wanafunzi wetu kwenda Würzburg mwaka kesho: waliochaguliwa wameandikiwa barua ya peke yake. Fomu ya ridhaa ya picha na taarifa imeambatishwa hapa kwa wanafunzi wote, hata wasiosafiri. Ndiyo, ni ndefu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, shule haiwezi kuokota picha za watoto na kuziweka popote inapotaka, na Wajerumani nao wana masharti yao makali. Ukiweka alama ya "hapana," mtoto hatapoteza chochote; atakaa upande wa mpiga picha. Isome pamoja naye, na naye aweke sahihi yake, kwa sababu sura ni yake.

Tarehe ya kufungua imeandikwa mwishoni mwa ripoti. Kidato cha Tatu waje na jembe na fagio la chelewa, siyo la plastiki; madarasa yote rimu moja ya karatasi. Madeni ya chakula yalipwe kwenye akaunti ya benki ya shule pekee, na stakabadhi iletwe kwa mhasibu. Wazazi wa wasafiri tukutane Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua, saa nne asubuhi, kila mmoja na cheti halisi cha kuzaliwa cha mtoto, kwani maombi ya pasipoti hayapokelewi kwa kivuli.

Nawatakia Krismasi njema na heri ya mwaka mpya.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule