Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kazi ya Nebula Hafifu za Kisayari

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita uliagiza tuache kurukaruka angani na kamera zetu, tushike nebula chache za kisayari (mawingu ya gesi yaliyotupwa na nyota zinazokufa) zilizo hafifu na kuzipa saa za kutosha za kupiga picha. Taarifa hii ni ya kazi hiyo tu. Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina.

Shabaha kuu ilikuwa Abell 31, katika buruji ya Saratani, mojawapo ya nebula 86 ambazo George Abell aliziorodhesha mwaka 1966 kutokana na picha za kituo cha uangalizi wa anga cha Palomar, Marekani. Upana wake unakaribia nusu ya mwezi mpevu, ila mwanga wake umetandazika mno hata picha moja ya dakika 5 haionyeshi kitu. Sisi wa Dar es Salaam tuna bahati nayo: Januari na Februari, kabla ya masika, inapita zaidi ya nyuzi 70 juu ya upeo.

Kiini chake hung'aa kwa oksijeni, nanomita 500.7, na kingo zake kwa haidrojeni, nanomita 656.3. Hapa ndipo wengi tumepoteza usiku mzuri. Mwanga wa mwezi hutawanyika zaidi kwenye buluu na kijani kuliko kwenye nyekundu, kwa hiyo siku za kiza ni za oksijeni tu. Haidrojeni ingoje mwezi ukiwapo. Wanaopiga kutoka ufukweni wakumbuke kwamba wavuvi wa dagaa nao hutoka na taa zao siku hizohizo za kiza. Elekeeni bara.

Filta ya nanomita 3, yaani inayopitisha mwanga wa upana huo tu, inafaa sana, lakini si kwa kila darubini. Kwenye darubini ya f/2 (urefu wa fokasi ni mara mbili tu ya kipenyo chake) mwanga unaingia kwa mshazari mkubwa, na dirisha la filta linahamia upande wa buluu hadi oksijeni yenyewe inabaki nje. Kwa f/5 na kuendelea hakuna shida. Fokasi irekebishwe kila filta inapobadilishwa.

Kitako cha darubini kimetusumbua kuliko vyote, kwa kuwa mhimili wake lazima uelekee ncha ya anga, ambayo nyota huonekana kuizunguka. Ncha ya kusini ya anga kwetu iko takriban nyuzi 7 tu juu ya upeo, ndani ya ukungu, na vitako vingi haviinami kiasi hicho. Njia iliyofaulu: miguu miwili ya tripodi ielekee kusini na mmoja kaskazini, kisha huo wa kaskazini urefushwe mpaka mhimili ushuke panapotakiwa. Mfuko wa mchanga ufungwe kwenye mguu huo wa kaskazini, maana uzito wote unaegemea kusini. Mpangilio huu pia unaacha nafasi kati ya miguu, vyuma vya kusawazisha visigonge mguu vikishuka. Mhimili upimwe kwa programu inayopiga picha tatu huku darubini ikizungushwa. Msihangaike kuitafuta Sigma Octantis, nyota hafifu iliyo karibu na ncha hiyo.

Halafu unyevu. Katikati ya picha linatokea doa la kijivu, la mviringo, na nyota zilizo ndani yake zimevimba, ilhali za pembeni ni kali kama ncha ya sindano. Hiyo si nebula. Ni umande kwenye kioo kilicho mbele ya sensa ya kamera. Badilisheni chembe za kukaushia zilizo ndani ya kamera kabla ya msimu, na msilazimishe sensa ifike nyuzi -10 usiku wenye joto la 28: kipoza cha kawaida hushusha takriban nyuzi 35 tu, kikizidiwa joto linayumba na picha za giza (zinazopigwa darubini ikiwa imefunikwa, ili kuondoa kelele za sensa) hazilingani tena. Wekeni -5, ibaki hapo usiku kucha.

Kwenye usindikaji, kosa lililorudiwa ni kuiachia programu isafishe mandharinyuma yenyewe. Inafuta nebula pamoja na mwanga wa mji. Wekeni kwa mkono alama za sehemu ambazo programu itapimia mandharinyuma, mbali na nebula. Picha za mwanga sawa (za uso wenye mwanga ulio sawa kote, ili kuondoa vivuli vya vumbi) ziwe 30 kwa kila filta, kabla kamera haijafunguliwa kutoka kwenye darubini.

Ukidhani umeona ganda jipya la gesi kuzunguka nyota angavu, zungusha kamera nyuzi 90 na usogeze fremu, upige tena. Mwakisiko wa filta utahama, nebula haihami. Nasisitiza hili kwa sababu ugunduzi bado upo: Drechsler, Strottner na Sainty, wote wasio wa kulipwa, walitangaza mwaka 2023 utepe wa oksijeni kando ya galaksi ya Andromeda, kitu kinachopigwa picha kila siku duniani, baada ya kuupa uwanja huo zaidi ya saa 100.

Ukitaka picha iwe safi mara mbili, saa ziwe mara nne, na hakuna mwanachama atakayefika huko peke yake. Kwa hiyo kamati inapendekeza tupige pamoja NGC 7293, nebula ya kisayari iliyo katika buruji ya Dalu, kuanzia Julai, tukitafuta maganda yake ya nje. Kila mmoja apige picha za sekunde 300, akabidhi faili ghafi pamoja na za giza na za mwanga sawa kwa Katibu kabla ya mwisho wa Septemba. Picha zilizokwisha kung'arishwa hazitapokelewa.