Wa kujitolea waje Agosti pia, si Desemba tu

Mhariri,

Naandika juu ya hawa watu wanaojitolea kulisha familia kwa mitaa yetu, na sitaki nionekane kama nawapiga vita, wakuje tu, lakini wakuje wakijua njaa ya Nairobi inaingia kwa nyumba saa ngapi.

Desemba utaona magari kuanzia Mukuru mpaka Kawangware, fulana za rangi moja, unga, sabuni, mafuta ya kupika, watoto wanapangwa laini wapigwe picha. Januari hakuna mtu. Miezi ya shule angalau wale wa shule za umma wako na Dishi na County, ule mpango wa kaunti wa chakula cha shule ulianza 2023, mzazi analipa shilingi 5 na mtoto anagusisha bangili anapewa chakula. Siasa za gavana siziingilii, lakini hiyo sahani imesaidia. Sasa shule zikifungwa Aprili ama Agosti sahani inapotea, na mama mwenye anafulia watu nguo hajaongezewa kibarua ati ju ni likizo. Na kuna wale wa shule za mabati za watu binafsi ambao mpango huo ni kusikia tu, na kuna hawa wadogo hawajafika hata chekechea, na hao ndio njaa inawamaliza haraka zaidi.

Hawa wadogo wanajulikana na wahudumu wa afya ya jamii, wale mama wa mtaa wanazunguka nyumba kwa nyumba na begi, wengi walifanya hiyo kazi miaka bila malipo ya maana. Wako na utepe wa kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Ukisoma nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, huyo mtoto unga peke yake haumtoshi, anafaa kupelekwa kliniki siku hiyo hiyo. Na hapo ndio mtu wa kujitolea anahitajika: nani atatoa nauli, nani atabaki na wale wengine wawili nyumbani mama akipanga foleni? Hiyo kazi haina picha nzuri, labda ndio maana hakuna mtu anaitaka.

Halafu hii mambo ya kuleta maharagwe makavu. Watu wangu, maharagwe yanataka jiko masaa, na huyu mtu ananunua makaa kwa mkebe na mafuta taa ya kupima, ukimpa kilo mbili za maharagwe umempa shida ya kutafuta moto. Ndio maana watu wananunua githeri imeshachemshwa ama ndengu za kibanda, si uvivu, wamepiga hesabu. Si afadhali hizo pesa zipewe mama wa kibanda aliye hapo hapo, ana sufuria kubwa, ana jiko, na anajua ni mtoto wa nani amepita mara mbili akiangalia chapati bila kuitisha. Mwenye duka naye ana kitabu cha madeni, ukitaka kujua nyumba gani imelemewa muulize pole pole, na ulipe bila kutangaza.

Na picha mwache jameni. Mtoto wa gredi ya sita akirudi darasani apate wenzake wanaonyeshana kwa simu akipokea pakiti ya unga, unafikiri atakubali kuja kuchukua tena? Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema lishe ni haki ya kila mtoto, kwa hivyo hakuna haja ya kumfanya ashukuru mbele ya kamera.

Kaunti nayo itujibu: zile jikoni kubwa zinapikia shule, Agosti haziwezi kupika hata siku tatu kwa wiki? Wa kugawa tuko, huku Umoja na Kayole vijana wengi wako nyumbani likizo, na makanisa na misikiti iko na viti, maji na kivuli.

Mkazi wa Umoja,
Nairobi