Bonde la mtoni lisiuzwe

Koblenz, Ujerumani, Jumapili usiku

Mama yangu mpendwa, shikamoo. Kaka, shikamoo nawe. Wifi na watoto, hamjambo nyote.

Mimi ni mzima. Baridi imeanza, zamu za usiku zimeongezeka, lakini hayo si ya kuandikia barua. Mama, zile dawa za magoti nilizompa mtoto wa Baba Mdogo usizianze mpaka daktari wako azione pamoja na za presha. Usimsikilize jirani.

Kaka, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza tena na tena. Unataka nitume milioni tatu za kujazia hela ya Hiace, na unataka nikubali kwamba bonde letu, kuanzia kwenye mparachichi wa Babu kushuka mpaka mtoni, apewe yule bwana wa Boma achimbe mchanga na kokoto. Halafu mwishoni ukaongeza kwamba mimi ni mtoto wa kike, niko Ulaya, bonde lile nalitakia nini. La Hiace tungeweza kukaa tukazungumza. Hilo la mwisho limeniuma, na sitaki kuficha. Bati za nyumba ya Mama zilipokuwa zinavuja hukuuliza kama mimi ni wa kike au wa kiume. Ada ya kijana wako pale Moshi pia hukuuliza. Na kama ni sheria, ile ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia. Mwenyekiti wa kijiji anaijua. Muulize.

Nilitaka kukujibu usiku uleule. Nikajizuia, kwa sababu Jumamosi nilikuwa na safari na wenzangu wa wodini, na huko nimeona mambo ambayo lazima niwasimulie, maana yanahusu bonde letu moja kwa moja.

Hapa nilipo, ukivuka mto Mosel ukafuata Rhine kushuka, unafika Andernach, na nyuma yake nchi inaanza kuinuka. Ndiyo Eifel. Ni nchi ya volkano kama kwetu, ila vilima vyao ni vifupi. Ule mrefu kuliko yote, Hohe Acht, una mita 747 tu. Niliwaambia wenzangu kwamba kanisani kwetu Machame tunaimba juu zaidi ya hapo, na kwamba Kibo ina mita 5,895. Hawakuamini mpaka nikawaonyesha picha ile ya asubuhi, Mama ukiwa uani na theluji nyuma yako. Wodi nzima sasa wanakujua.

Tulianzia kijiji kinachoitwa Kell. Kuna njia ya miguu pale, karibu kilomita 12, wanaiita njia ya mapango na makorongo, na jina halidanganyi. Unaacha mashamba tambarare juu, ghafla ardhi inakatika na unashuka bondeni kwenye miti mikubwa, kijito kiko chini unakisikia kabla hujakiona. Njia inavuka maji, inapanda kingo, inashuka tena. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, kumeteleza. Wenzangu wamevaa viatu vya mlimani vya bei mbaya na fimbo mbili mbili mkononi, na bado kila mteremko wanasimama kupumua. Mimi nilikuwa mbele muda wote pamoja na mzee mmoja, baba wa muuguzi mkuu wetu, ambaye amezaliwa bonde lilelile. Aliniuliza nimejifunzia wapi kutembea hivyo. Nikamwambia nimekua nikipanda kutoka mtoni na ndoo kichwani. Muuguzi mkuu akasema mbele ya wote kwamba hata kazini niko hivyohivyo, sichoki. Tangu cheti changu cha uuguzi kikubaliwe na serikali yao ananipa wagonjwa wazito wa zamu nzima niwasimamie mwenyewe. Mama, hilo ulieleze kwa shangazi, maana yeye ndiye aliyesema nitarudi baada ya mwaka mmoja.

Kule chini bondeni nilinusa udongo mbichi na majani yanayooza kando ya maji. Machozi yakanilenga papo hapo. Nilisingizia upepo.

Sasa sikilizeni habari ya volkano yao. Miaka ipatayo 13,000 iliyopita, mlima uliokuwa karibu na hapo ulilipuka mlipuko wa kutisha. Majivu yake yamepatikana mpaka Sweden upande mmoja na Italia upande mwingine. Yale yaliyoruka yaliruka, lakini mengine yalishuka mabondeni yakiwa moto, yamechanganyika na hewa ya sumu na mawe, yakajaza bonde la kijito cha Brohl makumi ya mita kwenda juu. Bonde lote likazibwa. Majivu yakashikamana yakawa mwamba laini, na kijito kikaanza tena kujitafutia njia, kikakata kidogo kidogo mpaka kikapata korongo lake upya.

Mwamba ule wanauita trasi. Nimeugusa kwa mkono wangu. Rangi yake ni ya kijivu inayokaribia nyeupe, na ukiukwaruza kwa ukucha unatoka unga. Ndani yake mna vijiwe vyepesi vyenye matundu. Nilichomoa kimoja nikakitupa kwenye kijito, kikaelea, kikaenda zake na maji. Watoto, mkipata jiwe kama hilo kwetu jaribuni.

Trasi hiyo ndiyo iliyoleta wanunuzi. Ukiisaga ukaichanganya na chokaa unapata lipu inayoganda hata chini ya maji. Warumi waliijua. Baadaye Waholanzi wakaitaka sana, maana nchi yao inapigana na bahari, wakawa wanainunua kwa ajili ya bandari na kuta za kuzuia maji, inashushwa mpaka Rhine na kupakiwa kwenye mashua. Basi watu wa bonde wakachimba. Walichimba baba, mtoto na mjukuu. Babu wa yule mzee alikuwa mmoja wao. Leo kilichobaki ni kuta hapa na pale, na mapango yenye nguzo walizoziacha ili dari lisianguke. Watu wanapita wanapiga picha, na ni pazuri kweli, sikatai. Lakini yule mzee alisimama chini ya ukuta mmoja, akanyosha mkono juu kabisa, akaniambia ardhi ilikuwa inafika kule, bonde zima, kutoka upande huu hadi ule. Mlima uliiweka mara moja, watu wameiuza, na hakuna mlima mwingine wa kuirudisha.

Kaka, pale nilikuwaza wewe. Nilimwona yule bwana wa Boma na tipa lake kwenye mteremko wa Babu. Wale Wajerumani angalau walichimba mwamba mkavu. Wewe unataka kuuza ukingo wa mto wenyewe. Mchanga ule ndio unaoushika ukingo. Ukiutoa, mvua za masika za kwanza tu zinalamba migomba ya chini, za pili zinafika kwenye kahawa, na mto unaanza kula upande wa kina Mama Furaha ambao hawakuuza chochote. Hayo si maneno yangu ya kusoma. Si mliona wenyewe kule chini kwenye daraja la Kikafu watu wanavyolia? Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli kama hizo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pimeni kutoka mtoni kuja kwenye mparachichi muone kama kuna hata mahali pa kusimamisha koleo.

Upande mwingine wa njia kuna korongo jembamba linaitwa Wolfsschlucht. Hapo ndipo roho yangu ilipotulia. Kuta za majivu yale zimesimama pande zote mbili, maji yanaanguka katikati, maporomoko madogo tu, Marangu wangecheka, lakini yamefichika vizuri na kuna ukungu wa baridi unaokupiga usoni. Maeneo yale yana chemchemi ambazo maji yake yanachemka bila moto, ni gesi inatoka chini kwenye volkano. Yanapopita yanaacha mawe mekundu kwa ajili ya chuma kilichomo. Nilionja. Ni kama umelamba msumari. Yule mzee anasema wao wamelelewa kwa maji hayo.

Kwa hiyo mlima wao haujafa. Jioni walitupeleka kwa gari hadi kwenye ziwa lililojaa pale ulipolipuka, Laacher See, na ukingoni mashariki nikaona mapovu yanapanda kutoka chini, moja baada ya jingine, bila kuchoka. Hata pale Andernach kuna maji baridi yanarushwa na gesi hiyohiyo hadi mita 60 hivi angani. Wanasema hakuna kisima cha maji baridi duniani kinachoruka juu kuliko hicho. Watu wanalipa nauli ya boti kwenda kukitazama.

Lakini la ziwa lililonishika ni hili. Ziwa lile halina mto wa kulitoa maji. Kando yake kuna monasteri ya Maria Laach, iliyoanzishwa mwaka 1093, na mvua zilipozidi maji yalikuwa yanapanda kuelekea ukutani kwao. Watawa wa karne ya 12 wakachimba handaki ndani ya ukingo wa mlima kwa mikono, wakayatoa maji upande wa pili. Mpaka leo watu wanalisimulia handaki hilo kwa heshima, wanataja na jina la abati, mkuu wa monasteri, aliyeliamuru, Fulbert.

Nikajiuliza, na mfongo wetu, ule mfereji wa maji, je? Nani ametaja majina ya waliouchimba? Babu zetu waliyachukua maji kule juu msituni kwenye korongo ambalo hata mbuzi anaogopa, wakayapitisha ubavuni mwa genge, bila kipimo chochote zaidi ya macho na maji yenyewe, mpaka yakatoka juu ya mgongo wa kilima yakagawiwa kila kihamba, kila shamba la ukoo. Usiku yanajaza nduwa, bwawa la kuyahifadhi, alfajiri mwenye zamu anafungua. Akiiba zamu, wazee wanamketisha chini. Nilimweleza yule mzee hayo yote, akaniomba nimchoree kwenye karatasi, na alipoona jinsi maji yanavyopanda mgongoni mwa kilima wakati mto uko chini kabisa, akanyamaza, akaikunja ile karatasi akaiweka mfukoni. Nilivimba kichwa kwa fahari. Kisha nikakumbuka kwamba mfongo wenyewe umekufa tangu mvua zile zilipobomoa mdomo wake, na kila mwaka tunasema mwaka huu tutauzibua. Hao waliozaliwa na vijilima vya mita 700 wanatunza kila kijito na daraja la mbao. Sisi wa Kibo tunangoja nani?

Basi uamuzi wangu ni huu, na Mama naomba uwe shahidi. Bonde haliuzwi. Kama Kaka ametia saini karatasi yoyote na yule bwana, airudishe wiki hii, na kama kuna fedha ya kishika uchumba aliyopokea, aniambie ni kiasi gani, nitairudisha mimi, mara hii moja. Pale kwenye mpaka wa kina Mama Furaha, ambapo masale, mimea ya kuonyesha mpaka, yameng'olewa, yapandwe mengine, na mtu wa kuyapanda ni Kaka mwenyewe, Baba Mdogo akiwepo.

Milioni tatu za Hiace sina. Hata ningekuwa nazo nisingezitoa kwa masharti ya bonde. Ijumaa nitatuma laki tisa kwa simu ya Mama. Laki mbili ni za Mama na matibabu yake, hazigawanywi. Laki moja ni ya sare na madaftari ya watoto. Laki sita ni za mfongo: Baba Mdogo awaite wazee wa mfongo, wapande mpaka kwenye mdomo, waangalie kama mawe yale makubwa yanaweza kuwekwa upya au inahitajika saruji kidogo. Vijana watakaochimba wapewe chakula, na mbege isikosekane, maana bila mbege mnajua hakuna atakayeinua jembe. Nataka picha za kila hatua, na hesabu iandikwe kwenye daftari, si kwa mdomo.

Kaka, wewe ni mkubwa wangu na heshima yako iko palepale. Hiace tutaizungumza mwezi wa tatu, nikimaliza mkopo wa hapa. Biashara ya abiria naiona ina maana, ulivyoipigia hesabu ya Machame kwenda Moshi nimeielewa, na pengine tukichanga kidogo kidogo itawezekana bila kugusa udongo wa mtu.

Mama, kitarasa nimekitamani mpaka naota. Huku duka la Waafrika lina ndizi lakini si zile. Mtoto wa shangazi akija Desemba mpe unga kilo mbili, uufunge vizuri.

Nitapiga simu Jumapili ijayo mkitoka ibadani. Kaka na Baba Mdogo muwepo wote wawili, na simu iwekwe sauti kubwa.

Ni mimi binti yako, na mdogo wako