Shukrani kwa fundi wa kuchomelea, Chang'ombe Dodoma

Wana Dodoma, nisaidieni kumshukuru fundi mmoja ambaye hata jina hakuacha. Mwanangu, tangu asikie Lewis Hamilton, dereva wa mbio za magari, alianza mbio za vigari akiwa na miaka 8, hakamatiki. Yeye na wenzake wakaunda kigari cha mbao na beringi, breki hakuna. Mteremkoni mti wa mbele wa magurudumu, ulioshikwa na msumari, ukachomoka. Magoti damu tupu.

Fundi alikuwa anapita. Akawaosha vidonda kwanza, kisha akakikokota kigari hadi bandani kwake. Msumari akautoa, akaweka bolti yenye nati mbili. Kwa breki akapigilia kipande cha tairi kuukuu kwenye mpini: ukivuta, tairi linasugua ardhi. Halafu akawapeleka uwanja tambarare, huyu anasukuma, yule anafunga breki, mpaka kila mtoto akaweza kusimama kwenye mstari aliouchora kwa kisigino. Kofia ngumu na viatu vya kufunika, lazima. Mteremko, marufuku. (Wangu mimi hanisikilizi hivyo!)

Akapokea hela ya bolti tu. Mafundi wengine, vyuma chakavu mnavyo, na watoto mtaani kwenu wapo. Nawe fundi, pita nyumbani, zabibu zako zipo.