Mwanaidi, niletee nazi

Nairobi, mwezi wa saba

Mwanaidi ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa mzee na kwa watoto. Sisi hatujambo, ila baridi ya Julai imetukamata, jua tunalisikia liko kwenu tu. Tangu arusi ya Salma tumekuwa tukisalimiana kwa simu mbio mbio, na jambo nililo nalo si la kuambiana huku mtu anashuka matatu. Ndiyo maana nimeketi kuandika.

Nataka nazi. Nazi za kwenu zilizokomaa, kumi kama utaweza kuzibeba, uje nazo kwenye treni mwezi wa nane. Sasa sikiliza sababu.

Tumaini amepatikana na mzio wa maziwa. Daktari alitufafanulia polepole mpaka tukaelewa: wapo watu ambao matumbo yao hayawezi kusaga sukari ya maziwa, hao hujaa gesi na kuendesha, basi. Yeye mwili wake unapigana na protini yenyewe. Ikimgusa kidogo tu, midomo inavimba, vipele vinamtoka, na usiku mmoja kifua kilianza kupiga mluzi tukamkimbiza hospitali. Kwa hiyo yale maziwa ya dukani yaliyoondolewa sukari yake hayamfai, protini bado imo. Mala, yaani maziwa yaliyogandishwa, haimfai, siagi haimfai. Hata maziwa ya mbuzi, ambayo kila jirani ananishauri, hayamfai, maana protini zake zinafanana mno na za ng'ombe.

Shosho wake unamjua. Amefuga ng'ombe kule Githunguri tangu kabla sijaolewa, amesomesha watoto wake wote kwa maziwa, na leo mjukuu akimtembelea hawezi kumkaribisha kwa kikombe cha chai. Alilia, Mwanaidi. Kisha akaanza kusema tumwonjeshe kidogo kidogo mpaka azoee. Hapo ndipo usingizi unaponipaa, kwa sababu anasema kwa mapenzi, na bibi mwenye mapenzi na kikombe mkononi ni nani atamzuia nisipokuwapo? Nimemweleza kwamba mambo ya kuonjesha, kama yatafanyika, yatafanyika hospitalini mbele ya daktari. Baba Tumaini naye amemwambia. Nadhani amekubali. Nadhani.

Lakini nilichokuandikia ni aiskrimu.

Majuzi Tumaini alialikwa kwenye sherehe ya mwanafunzi mwenzake, Buruburu. Mama mwenye nyumba ni mtu mwema, alikuwa ameulizia mapema na kumtengea ndizi. Watoto wakapanga foleni ya aiskrimu ya chokoleti, mwanangu akaketi pembeni na sahani yake. Hakulalamika. Njiani tukirudi akaniuliza kama siku yake ya kuzaliwa pia atakula ndizi peke yake. Nikamwambia siku hiyo mtakula wote kitu kimoja, kutoka bakuli moja, na kitakuwa aiskrimu ya chokoleti. Anatimiza miaka saba na anakumbuka kila ahadi.

Watu wananiambia nitengeneze yake kidogo, wale wengine niwanunulie ya kawaida. Sikubali. Kwanza, watoto ishirini na vijiko ishirini: kijiko kilichotoka kwenye ya maziwa kikitumbukia kwenye yake, tumerudi hospitali. Pili, bakuli la pili ndilo lile lile la ndizi, limebadilishwa jina tu. Nataka atazame kushoto na kulia aone kila mtu anakula anachokula yeye.

Basi jiko langu limegeuka maabara. Nimegundua shida ya kwanza ni kusoma maandishi madogo kwenye pakiti. Unga wa chokoleti ya kunywa mara nyingi una maziwa. Chokoleti nyeusi nyingine haina maziwa kwenye viungo lakini imepitia mashine zile zile, na pakiti yenyewe inakuonya. Na hili litakushangaza wewe mtu wa pwani: tui la unga, lile la pakiti, aina nyingi zimetiwa kaseini, ambayo ni protini ya maziwa! Mtu ananunua nazi akidhani yuko salama. Kwa hiyo nimeacha vyote, natumia kakao tupu na tui la kukamua. Tui la mkebe ni zuri kwa aiskrimu, lakini kwa watoto ishirini mfuko wangu hautoshi, hasa nikiongeza bei ya kakao. Ile ilipanda dunia nzima mwaka 2024 mavuno yalipokuwa mabaya Ivory Coast na Ghana, ikapita dola 10,000 kwa tani, na mkebe mmoja dukani kwetu bado unanifanya nisimame kwanza nifikirie. Korosho pia ningeweza kuzisaga, ila kuna mtoto darasani anayedhurika nazo. Nazi nimewauliza wazazi wote, hakuna mwenye tatizo.

Ninavyofanya ni hivi. Nachukua kikombe kimoja cha tui la pili, natia nusu kikombe cha kakao, robo tatu kikombe ya sukari, vijiko viwili vya konflawa na chumvi kidogo sana. Nakoroga kukiwa baridi mpaka madonge yaishe, ndipo naweka kwenye moto mdogo, mwiko hautoki sufuriani, hadi kiwe kizito na kitoe mapovu. Kakao lazima ichemke, la sivyo inabaki na ladha ya unga. Nikishaipua ndipo natia tui zito, vikombe vitatu, lisije likakatika kwa moto. Inalala kwenye friji usiku kucha. Asubuhi naimimina kwenye sinia pana, naiweka kwenye friza, na kila nusu saa naitoa na kuivuruga kwa uma kuanzia kingoni, kwa sababu kingo ndizo zinazoganda kwanza. Kule kuvuruga ndiko kunakovunja chembe za barafu na kuingiza hewa. Usipofanya hivyo unapata jiwe.

Sukari nayo usinipunguzie! Najua utasema nimezidisha. Sukari haiko pale kwa utamu peke yake, ndiyo inayozuia maji yote yasigande. Jirani alipunguza nusu kwa ajili ya afya, tukahitaji kisu.

Kinachonisumbua mpaka sasa ni ulimi. Ukitumia tui zito peke yake, baada ya kumeza unabaki na kitu cha mafuta kinywani, kama umelamba mshumaa. Nimefikiri sana juu ya hili. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ndiyo maana chupa yangu ya mafuta ya nywele imeganda tangu mwezi wa sita na yako huko Mombasa inamiminika mwaka mzima. Kwenye aiskrimu yanaganda zaidi, na ulimi uliopoa hauyayeyushi upesi. Ndiyo nikaanza kuchanganya na tui la pili, na limesaidia sana. Lakini nazi za Marikiti ya hapa Nairobi zimeshasafiri siku nyingi zikinifikia. Nyingine ukizivunja zina harufu ya mafuta yaliyokaa, na harufu hiyo kakao haiifichi. Ndiyo maana nazitaka zako.

Halafu kuna stima. Mtaani kwetu inapotea bila taarifa, na wiki ile ikipotea nimekwisha. Nimejiandaa: sufuria ndogo ndani ya beseni la barafu ya kununua, nimwage chumvi ya mawe juu ya barafu, sehemu moja ya chumvi kwa tatu za barafu. Chumvi inashusha joto la barafu hadi karibu nyuzi 20 chini ya sifuri, na ukizungusha sufuria huku unakoroga, aiskrimu inashika bila friza. Tumaini anaipenda njia hii kuliko ile nyingine kwa sababu anaruhusiwa kuzungusha.

Nimeonja ya mwisho pamoja na shosho. Alikuwa amekunja uso, kisha akaomba kijiko kingine, akauliza kama nazi zinaweza kuota Githunguri.

Sasa nijibu haya. Je, nikikuna kwa mbuzi nipate tui zito zaidi au ile mashine ya sokoni inatosha? Mama yako alikuwa akitia maji ya uvuguvugu kwenye chicha kabla ya kukamua, au nakumbuka vibaya? Kifumbu changu kimechakaa, vinauzwa bado pale Marikiti ya Mombasa? Tui likishakamuliwa usiku, linafika asubuhi bila kuchacha nje ya friji, au ni bora uje na nazi nzima? Kaka yako bado anaendesha lori la Mbeya? Kule Kyela wanalima kakao, namuuliza kama kuna anayeisaga na kuiuza bila kuchanganya kitu. Na wewe mwenyewe utakuja na watoto wote, au Rehema bado ana mitihani? Sherehe ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane. Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi huu, kwani kama treni haitawezekana itabidi niweke oda kwa mtu wa basi.

Akupendaye,
Mama Tumaini