Wauza vijiti vya televisheni, tuambieni kama ni T2

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaulize wauza vifaa vya kompyuta wa hapa Mwanza jambo moja: kwa nini mnatuuzia vijiti vya televisheni bila kutuambia kama ni vya T au T2, yaani vya mfumo wa zamani wa kurusha televisheni ya dijitali au vya huu unaotumika kwetu?

Kwa asiyevijua, ni vidude vinavyofanana na flashi. Unakichomeka kwenye laptopu, upande wa pili unaunga antena, basi kompyuta inakuwa televisheni. Mimi nimepanga chumba kimoja Mabatini, runinga sina na pa kuiweka sina. Umeme ukikatika laptopu inabaki na chaji yake, naangalia taarifa ya habari ya saa mbili hadi mwisho huku mtaa mzima uko gizani. Tena hakili bando, maana picha inakuja hewani kama ya king'amuzi cha antena. Kwa mpangaji, kwa mwanafunzi wa chuo, kwa mlinzi wa usiku, ni kitu cha maana sana. Ndiyo sababu imeniuma.

Cha kwanza nilikinunua kwa shilingi 35,000 katika duka moja mjini. Boksi limeandikwa "DVB-T" kwa herufi kubwa, na muuzaji akaniambia, "Hii dijitali, kaka, inakamata zote." Nikafika nyumbani. Programu yake imo kwenye sidii ndogo kama kisosi, na laptopu yangu haina pa kuingizia sidii (sijui aliyefungasha alimfikiria nani). Nikaipakua mtandaoni, kwa bando lile lile nililokuwa nalikimbia, nikabonyeza kutafuta chaneli. Mstari ukatambaa taratibu mpaka mwisho. Chaneli: 0. Nikapeleka antena dirishani, 0. Nikaiegemeza kwenye mfuniko wa sufuria kama tulivyokuwa tukifanya enzi za chenga. 0.

Nikalaumu mawe. Mtu wa Mwanza simu ikigoma hulaumu mawe kwanza, na mara nyingi hamsingizii mtu: mawimbi ya televisheni husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na nyuma ya nyumba yetu kuna jabali linaloizidi nyumba yenyewe. Lakini safari hii jabali halikuwa na kosa. Fundi alikigeuza kile kijiti, akasoma ubavuni, akacheka. DVB-T ni mfumo uliotangulia. Minara ya kwetu inarusha kwa DVB-T2, mfumo ambao viwango vyake vilichapishwa Ulaya mwaka 2009, na namna unavyopanga data hewani ni nyingine kabisa. Kifaa cha T2 kwa kawaida kinaisoma na T. Cha T hakiisomi T2 ng'o. Wala hakuna programu ya kukitibu, kwa sababu kazi ya kufumbua mawimbi inafanywa na chipu iliyomo ndani ya kijiti. Laptopu hupokea kilichokwisha kufumbuliwa, ikakigeuza picha na sauti. Na ukiletewa zawadi ya kijiti kutoka Marekani au Japani ndiyo usahau kabisa, wenzetu huko wana mifumo yao.

Kwa hiyo boksi halikudanganya. Lilisema T, na ndani mlikuwa na T. Nilirudi dukani nikaonyeshwa maandishi chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Muuzaji simwiti tapeli. Nilimwona usoni, naye hakuwa anajua.

Cha pili nilikinunua nikiwa nimekariri: T2. Mdomo wake wa antena ni mdogo kuliko wa king'amuzi, ikabidi nitafute kiunganishi. Nikafunga antena kwenye mti wa mwanzi uani, nikaielekeza zilikoelekea za majirani. Chaneli zikamiminika. Za kulipia zinaonekana majina tu, picha hakuna, maana kijiti changu hakina pa kuweka kadi. Hilo sina ugomvi nalo.

Hapa Mwanza mitambo ya analojia ilizimwa tarehe 28 Februari 2013. Wakati ule tulihubiriwa ving'amuzi mpaka watoto wakakariri, na leo king'amuzi unakinunua ukijua kitafanya kazi. Vijiti vimepenya kama dagaa kwenye wavu wa sangara. TCRA ndiyo inayoidhinisha vifaa vya mawasiliano nchini. Naomba iviangalie na hivi, kisicho na T2 kisiuzwe kwa jina la televisheni ya dijitali. Nanyi wenye maduka, kabla sijalipia balbu mnaiwasha nione inawaka. Laptopu mnazo hapo hapo kaunta. Mnashindwa nini kuchomeka kijiti na kutafuta chaneli, hata mbili tu, mteja akiwa anaangalia?

Kile cha kwanza bado ninacho. Fundi aliniambia nisikitupe, kuna wapenzi wa redio duniani kote wanaovitafuta vya aina hiyo kwa kuwa chipu yake inaweza kupokea masafa mengi nje ya televisheni. Akaweka programu nyingine, tukasikiliza redio za FM. Halafu akaweka ya tatu, tukaona ndege inakuja kutua uwanja wetu, namba yake iko kwenye kioo na kimo chake angani kinabadilika. Mtoto wa jirani alifurahi sana, sasa kila jioni anakuja kuuliza ndege ngapi zimetua. Mimi nilikuwa nataka taarifa ya habari.

Mpangaji wa Mabatini,
Mwanza