Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Januari hadi Desemba 2025

Ndugu Mlezi wa chama chetu cha michezo, ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wajumbe wa Kamati Tendaji, makocha, wazazi na wanachama wote: Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Taarifa hii ilikuwa isomwe mwezi uliopita, lakini mkutano uliahirishwa kwa kukosa akidi. Nitalirudia jambo hilo.

Shughuli za kawaida mnazijua. Jogging iliendelea kila Jumamosi na Jumapili alfajiri, kutoka hapa Tandika hadi Mtoni Kijichi na kurudi. Kina mama wa netiboli walicheza mechi 11 wakashinda 7. Tuliwatembelea wenzetu wa Mbagala na Kigamboni, nao wakaja kwetu. Usafi wa uwanja ulifanyika mara nne. Tulipokea wanachama wapya 19 na 8 walihama, tukabaki 86.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo najua ndilo limewaleta wengi leo: uamuzi wangu wa mwezi Mei wa kusimamisha mazoezi ya watoto kwa wiki sita, na kuhamishia kwenye mafunzo ya makocha shilingi 1,450,000 zilizokuwa za jezi na bonanza la Nane Nane.

Yamesemwa mengi kwenye grupu la WhatsApp. Naomba mnisikilize hadi mwisho.

Mwezi Aprili mtoto wetu mmoja wa timu ya chini ya miaka 13 aligongana kichwa na mwenzake. Alilala chini kidogo, akamwagiwa maji kichwani, akaambiwa wewe ni mwanaume, akarudi kucheza. Usiku ule alitapika mara tatu na akawa hajui yuko wapi. Mama yake alinipigia simu mimi saa saba usiku, nikatoka na gari langu tukampeleka hospitali. Alipona, alhamdulillah. Lakini maneno niliyoambiwa na daktari mbele ya yule mama sitayasahau: mtoto aliyetikisika ubongo hatakiwi kurudi uwanjani siku hiyo, hata akisema yuko sawa, na maji ya kichwani hayatibu chochote.

Wiki iliyofuata niliwauliza makocha wetu tisa ni nani aliyewahi kufundishwa huduma ya kwanza. Hakunyoosha mkono hata mmoja. Nikafungua sanduku letu nikakuta bandeji mbili na chupa tupu ya spiriti. Ndugu zangu, ningewezaje kupuliza kipenga Jumamosi ile kama vile hakuna kilichotokea?

Inasemwa sikuwashirikisha wajumbe. Si kweli. Niliwapigia simu wajumbe wote saba usiku ule ule. Wanne walikubali, wawili hawakupokea, mmoja alikataa, na namheshimu kwa kukataa kwake. Katiba yetu inamruhusu mwenyekiti kuchukua hatua za dharura na kutoa taarifa kwenye kikao kinachofuata. Kikao niliitisha. Waliokuja walikuwa watatu.

Inasemwa pia kwamba sisi tumekulia mchangani na hakuna aliyekufa. Kauli hii inaniumiza kuliko zote. Mwaka 2016, pale uwanja wa Kaitaba, Bukoba, kijana wa timu ya vijana ya Mbao FC ya Mwanza alianguka katikati ya mechi na akafariki. Alikuwa na miaka 19 tu. Mwaka 2021 mchezaji Christian Eriksen wa Denmark alianguka vile vile mbele ya macho ya dunia nzima, akapona kwa sababu waliokuwa karibu walianza kumbonyeza kifua mara moja, kisha ikatumika mashine ya kushtua moyo. Mashine hiyo sisi hatuna. Mikono tunayo, na tangu Juni wapo watu 22 katika chama hiki wanaojua kuitumia: kubonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kila baada ya mibonyezo 30 pumzi mbili, na wakati huo mwenzako anapiga namba ya dharura 112. Mimi mwenyewe nilipiga magoti sakafuni nikabonyeza sanamu mpaka jasho likanitoka, na nina miaka 58.

Mafunzo yalichukua Jumamosi na Jumapili mbili kwenye darasa la shule ya msingi. Tulijifunza kumpoza haraka kwa maji mtu aliyezidiwa na joto, jambo kubwa kwa jiji letu miezi ya Desemba hadi Machi. Tulijifunza kwamba radi ikisikika watoto watoke uwanjani, na wasirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho; wakati wa masika tumekuwa tukiwaacha wacheze tu. Yale magoli ya chuma yanayohamishwa, ambayo watoto huyaning'inia, sasa yamefungwa chini. Saruji na sanduku la pili la huduma ya kwanza, jumla shilingi 180,000, nilitoa mfukoni mwangu. Sidai kurudishiwa, ila naomba iingie kwenye kumbukumbu.

Siku iliyokuwa ngumu ni ile ya ulinzi wa mtoto. Baadhi ya makocha waliona wanashukiwa. Hakuna aliyeshukiwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo hata wale vijana wetu warefu wenye ndevu changa bado ni watoto, na dhamana yao iko kwetu. Tulikubaliana kwamba mtu mzima asibaki na mtoto peke yake wakati wa kubadilisha nguo, asimpakie peke yake kwenye bodaboda, na ujumbe wa mazoezi upite kwa wazazi. Namba 116, ya simu ya kusaidia watoto, imebandikwa ukutani na kupiga ni bure. Makocha wawili waliondoka kwa ajili ya masharti haya. Nimesikitika, maana mmoja ni rafiki yangu wa miaka 20. Masharti yamebaki.

Ni kweli watoto hawakupata jezi mpya. Ni kweli kuna wazazi waliowapeleka watoto timu nyingine katika zile wiki sita, na saba hawajarudi. Hilo nalibeba mimi. Ningerudishwa Mei, ningeamua vile vile.

Fedha. Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Waliolipa mwaka mzima ni 31, waliolipa nusu ni 22, na 33 hawakulipa hata senti. Tulitarajia 2,064,000, tukapata 1,008,000. Michango ilikuwa 900,000 na Mlezi wetu alitupatia 700,000. Matumizi yote, pamoja na mafunzo, ni 2,497,500. Salio 110,500. Mweka Hazina ana stakabadhi zote. Nasema kwa uchungu kwamba wengi waliolalamikia zile fedha za jezi majina yao yapo kati ya wale 33. Na mkutano ulioahirishwa walihudhuria watu 24, wakati jogging ya mwisho wa mwaka yenye supu walifika zaidi ya 100.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kurudia mafunzo kwa makocha wapya, kutafuta viakisi mwanga kwa wakimbiaji wa alfajiri, na kumwomba Mlezi atusaidie kuhusu mashine ya kushtua moyo. Jezi pia tutaziangalia hali ikiruhusu. Ada zinapokelewa leo, Mweka Hazina amekaa pale mlangoni.

Naomba kuwasilisha.